Anayepika ndiye anayeonja kwanza

Katika maboma mengi ya Umeruni na Uchagani, mgeni hapewi kata ya pombe moja kwa moja. Aliyeipika huchota kwanza, hunywa mafunda mawili matatu mbele ya watu wote, ndipo huijaza tena na kumkabidhi mgeni kwa mikono miwili. Wengine husema hiyo ni kuondoa sumu. Wengine husema ni adabu tu ya kukaribisha. Vyovyote iwavyo, maana yake inaeleweka na kila aliyepo: ninachokupa ndicho ninachokunywa mwenyewe.

Msomaji mpenzi, kurasa za familia zimezoea kuizungumzia pombe pale inapovunja nyumba, na ni haki kufanya hivyo, maana machozi ya watoto na kina mama tunayaona kila siku. Lakini leo tuwaangalie wale wanaoipika kwa mikono yao jikoni na nyuma ya nyumba, wakaionja wao kwa wao, wakakosoana na kusifiana. Wengi wao ni kina mama, na fedha yake ndiyo inayonunua daftari, sare na chumvi ya nyumbani. Swali letu ni moja. Je, lile funda la kwanza la mpishi linatosha kumlinda mgeni na familia yake?

Tutaliangalia swali hilo tukiwa Momela, upande wa mashariki wa Mlima Meru, kwa sababu huko kuna jambo ambalo ulimi wa mpishi hodari kuliko wote hauwezi kuligundua.

Ndizi zapanda mlima

Anayeijua Arusha anajua kwamba mlima wetu una sura mbili. Upande wa kusini, kuanzia Akeri, Poli na Nkoaranga, mvua ni nyingi, na migomba na kahawa vimefungamana mpaka jua halionekani. Ukizunguka kwenda Momela na Ngarenanyuki, mlima unaikinga mvua. Huko ni mahindi, maharage, mifugo, na nyanya zinazomwagiliwa kwa mifereji. Migomba ipo, lakini si kama ya kusini.

Kwa hiyo mpishi wa pombe ya ndizi wa upande huu mara nyingi hununua. Ndizi zinatoka chini, au katika soko la Tengeru, ambalo watu wa Meru wote wanalifahamu. Ulezi nao kwa kawaida hutoka mikoa mingine, kwa kuwa siku hizi wakulima wa hapa wanaoupanda ni wachache. Ongeza kuni na maji, kisha siku za kazi, na utaona kwamba pipa moja ni mtaji wa kweli. Likiharibika, mama wa watu amepoteza fedha za wiki nzima.

Pombe hii wengi wetu tunaiita mbege, jina lililoenea kutoka Kilimanjaro. Ina ndugu zake nchi nzima. Kagera wana rubisi, nayo ni ya ndizi. Iringa wana ulanzi unaogemwa kwenye mianzi, pwani wana mnazi, na kwingineko kuna komoni, kangara na wanzuki. Majirani zetu Wamaasai wana pombe ya asali, ambayo huchachushwa kwa mizizi ya mshubiri. Kila moja ina wapishi wake wenye majivuno, na kila mpishi anaamini ya kwake ndiyo pombe, hizo nyingine ni maji.

Kazi ya siku kumi

Tuieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoinywa hawajawahi kuiona.

Ulezi huoshwa, ukaloweshwa kwa takriban siku moja, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba au gunia mpaka uote vijimizizi. Hapo unaitwa kimea. Huanikwa juani ukakauka, halafu husagwa. Kuota huko si mapambo. Mbegu inapoanza kuamka hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha chachu. Viwanda vikubwa vya bia hufanya jambo hilohilo kwa shayiri.

Wakati huohuo ndizi huvundikwa mpaka ziive vizuri. Humenywa, zikatiwa maji na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi igeuke kuwa nyekundu ya kahawia. Zikipoa huachwa kwenye pipa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa na machicha kutolewa. Unga wa ulezi hupikwa uji, ukapozwa, ukachanganywa na maji yale ya ndizi. Wapishi wengi hutia pia ukali kidogo wa gome la msesewe, mti ambao uchungu wake hufanya kazi inayofanywa na hopsi katika bia ya chupa. Mchanganyiko hulala usiku kucha. Asubuhi povu likiwa juu na pipa likisikika likichemka lenyewe bila moto, imeiva.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Pombe hii haisubiri. Chachu inaendelea kula sukari, na bakteria wa uchachu wanaendelea na kazi yao. Inayofurahisha leo mchana, kesho jioni inakuwa kali na chachu, na keshokutwa wanaoinywa wanakunja uso. Ndiyo maana katika vijiji vingi wapishi hupeana zamu: leo kwa mama fulani, kesho kwa jirani yake. Kila pipa linapata wanywaji wake likiwa bado bichi, na jirani hali chakula cha jirani.

Namna ya kuonja

Zamu hizo zimezaa jambo zuri. Mpishi ambaye leo si siku yake anakwenda kuonja kwa mwenzake. Haendi kulewa. Anakwenda kujua kwa nini pipa la mwenzake lina povu zito kuliko lake, au kwa nini la wiki iliyopita lilikuwa na harufu ya moshi.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaopika bia nyumbani wamelifanya jambo hili kuwa utaratibu kamili. Uingereza iliwaruhusu wananchi kupika bia ya nyumbani bila leseni mwaka 1963. Marekani ilisubiri mpaka 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyofungua njia. Leo wana vyama, hukutana, kila mtu huleta chupa zake, na waamuzi waliofunzwa huzipa alama. Katika utaratibu wao unaojulikana zaidi, jumla ni alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, uzito wa kinywaji mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Tazama jinsi sura ilivyopewa alama chache na ladha ilivyopewa nyingi.

Wapishi wetu hawana karatasi, lakini wana vipimo. Kwanza jicho: rangi iwe ya kahawia isiyo na weusi, na povu lisiwe la kukatika upesi. Kisha pua: harufu ya ndizi mbivu na ulezi uliopikwa, isiwe ya siki wala ya kitambaa kibichi. Kisha ulimi: utamu uje kwanza, uchachu ufuate, uchungu wa msesewe umalizie bila kubaki kooni. Halafu uzito: uji wa ulezi uhisiwe, lakini usizibe koo. Siki ikizidi, pipa limekawia au halikuoshwa vizuri. Moshi ukizidi, sufuria iliungua chini na mpishi hakutaka kukiri. Utamu ukizidi, haikuiva, na mnywaji atalipa usiku kwa tumbo kujaa gesi.

Kina mama wanaopika wangepata faida kubwa kama wangekaa pamoja mara moja kwa mwezi, kila mmoja akaleta lita moja tu, wakanywa mafunda madogo, wakaambizana ukweli. Aliyefanya vizuri aeleze alichofanya: aliloweka ulezi siku ngapi, ndizi aina gani, maji kiasi gani. Elimu hii sasa inakaa kichwani mwa mtu mmojammoja, na akiondoka duniani inaondoka naye. Daftari la shilingi chache lingeihifadhi.

Pale ulimi unaposhindwa

Sasa turudi kwenye lile funda la kwanza.

Januari 2015, katika eneo la Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji baada ya mazishi. Ndani ya siku chache 75 walikuwa wamefariki na wengine wengi walikuwa wamelazwa. Uvumi wa kwanza ulisema mtu ametia nyongo ya mamba kwenye pipa. Uchunguzi wa maabara haukukuta nyongo ya mamba. Ulikuta sumu inayotengenezwa na bakteria, iitwayo asidi ya bongkreki, na chanzo chake kilikuwa unga wa mahindi ulioharibika.

Mama aliyeipika naye alikufa. Alikunywa alichowapa wengine, kama mila inavyotaka. Hakuwa muuaji. Sumu ile haina harufu wala ladha ya kumshtua mtu, na unga ule pengine ulionekana tu kama unga uliopatwa na unyevu, ambao watu wengi husema: huu haufai kwa ugali, lakini kwa pombe utafaa.

Sentensi hiyo ya mwisho tunaisikia hata huku kwetu. Mahindi yaliyopata ukungu stoo, ulezi ulionyeshewa njiani, unga wenye harufu ya udongo, vyote husemwa vitafaa kwa pombe. Havifai. Ukungu wa nafaka hutengeneza sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Tanzania tunaijua sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Nafaka isiyofaa kwa chakula cha mtoto haifai kwa pombe ya baba yake. Itupwe mbali, wala isipewe kuku au ng'ombe wa maziwa.

Kwa hiyo kuonja kwanza ni ahadi ya moyo mweupe, na tuidumishe. Lakini ahadi hiyo lazima ianze mapema zaidi, siku ya kununua nafaka na siku ya kuchota maji. Na kwa mtu wa Momela, siku ya kuchota maji ndiyo yenye shughuli.

Maji ya Momela

Wageni huenda Momela kuona uzuri. Maziwa yale yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hulishwa na chemchemi za chini ya ardhi, na kila moja lina rangi yake kwa sababu ya madini yake. Flamingo wanayapenda. Lakini wanyama wengi hawayanywi, maana yana magadi mengi.

Volkano iliyotupa udongo wenye rutuba ndiyo pia iliyotupa floraidi kwenye maji yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Watafiti waliopima mito na chemchemi za upande wa Ngarenanyuki wamekuta zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Matokeo yake hatuhitaji kuyatafuta vitabuni. Tunayaona kwenye meno ya kahawia ya vijana wetu, na kwa wengine kwenye miguu iliyopinda na migongo isiyonyooka.

Mpishi wa pombe anahusikaje? Anahusika sana, kwa sababu amefundishwa, tena kwa usahihi, kwamba maji yakichemka yanakuwa salama. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara. Floraidi si kijidudu. Haifi. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe inabaki kwenye sufuria. Chukua lita 20 za maji yenye miligramu 10 kwa lita, uyachemshe mpaka yabaki lita 10, na kila lita iliyobaki itakuwa na miligramu 20. Ndizi zetu huchemshwa saa nyingi. Na wapo wanaotia magadi kwenye vyakula ili viive haraka, na magadi ya ukanda huu yenyewe yana floraidi nyingi.

Hakuna ulimi utakaoionja. Mpishi atakunywa funda lake la kwanza akiwa na nia njema kabisa, mgeni atashukuru, na wote wawili watakuwa wamekunywa kitu kisichoonekana. Haitawaua jioni hiyo. Itajenga mwilini miaka na miaka, kwenye mifupa.

Zipo njia za kujisaidia. Ya kwanza ni maji ya mvua. Hayajapita kwenye mawe ya volkano, kwa hiyo yana floraidi kidogo sana. Nyumba yenye bati na tanki, hata pipa safi, inaweza kuyaweka akiba, na mpishi mwerevu angeyatenga kwa kunywa, kupikia na kupikia pombe, huku ya mto yakibaki kwa kufulia na kuoshea. Ya pili ni chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto maalumu, ikasagwa, na maji yakipita humo huacha floraidi yake. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho hapahapa chini ya mlima, kimeifanyia kazi teknolojia hii kwa miaka mingi. Chujio hilo linahitaji kubadilishwa mkaa kwa wakati, maana ukichoka hauchuji tena hata kama maji yanaonekana safi. Ya tatu ni kuuliza. Vyanzo vya maji havifanani, hata katika kijiji kimoja. Chemchemi moja yaweza kuwa mbaya na nyingine ya jirani ikawa nafuu. Ofisi zinazosimamia maji ndizo zenye vipimo, na kijiji kina haki ya kuvidai.

Pipa lilibeba nini kabla?

Ngarenanyuki ni nchi ya nyanya, na nyanya hupigiwa dawa mara nyingi. Kwa hiyo madumu na mapipa matupu ya viuatilifu yamejaa mashambani. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu hakisafishiki kwa sabuni wala majivu wala maji ya moto. Plastiki huinyonya dawa na kuirudisha kidogokidogo, hasa kinapotiwa kitu chenye uchachu kama pombe. Ukinunua dumu la mtumba sokoni na muuzaji hawezi kukuambia lilibeba nini, liache.

Mapipa ya chuma nayo yana hadithi yake. Kusini mwa Afrika, madaktari waligundua tangu karne iliyopita kwamba watu waliokunywa kwa miaka mingi pombe iliyochachushwa kwenye mapipa ya chuma walijaa madini ya chuma kwenye ini, mpaka ini likaharibika. Uchachu wa pombe hula chuma. Chombo cha mbao, chungu kilichochomwa vizuri au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula ni bora zaidi.

Na kuna jambo la kuongezea nguvu. Wapo wanaotia kwenye pipa vitu vya ajabu ili wanywaji walewe upesi, kuanzia spiriti mpaka vidonge. Spiriti ya viwandani inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha macho na kuua. Kenya, Mei 2014, watu zaidi ya 80 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mpishi anayefanya hivyo ameacha kuwa mpishi. Na anayechukua machicha akayatonesha kuwa gongo ameingia mahali pengine kabisa: utoneshaji bila leseni ni kosa tangu Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Hata kuuza pombe ya kawaida ya kienyeji kunahitaji leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Kupika kwa ajili ya harusi ya mtoto wako ni jambo moja. Kufungua kilabu nyuma ya nyumba ni jingine. Mama anayeuza na aende ofisi ya kata akaulize, ili asiishi kwa kukimbia mgambo.

Nani anywe, nani asinywe

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia, hatuwezi kumaliza bila kusema haya.

Mama mjamzito asinywe, hata kidogo. Kuna imani iliyoenea kaskazini kwamba mbege huongeza damu kwa mjamzito na maziwa kwa anayenyonyesha. Inatolewa na mabibi wanaotupenda, kwa hiyo kuikataa kunataka adabu. Lakini pombe anayokunywa mama inamfikia mtoto tumboni na inaweza kuharibu ubongo wake kwa maisha yote. Kuhusu maziwa, tafiti zimeonesha kwamba mama akinywa pombe mtoto hupata maziwa machache zaidi. Mabibi haohao wana mtori. Mtori utoshe.

Mtoto asinywe na asitumwe kuuza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Tunajua hali ilivyo: mama yuko jikoni, wateja wanaita, binti wa darasa la sita anashika kata. Binti huyo anajifunza biashara, lakini pia anasikia maneno ya walevi na kuguswa na mikono isiyostahili. Pipa liwe mbali na chumba cha watoto kusomea, na muuzaji awe mtu mzima.

Anayetumia dawa aulize kwanza. Msesewe ni wa jamii ya miti ambayo baadhi yake imetoa dawa za kushusha presha. Mzee anayemeza vidonge vya presha na kunywa kata tatu za pombe kali ya msesewe anaweza kuanguka akisimama. Na kijana wa bodaboda aliyeonja, aache funguo. Nguvu ya pombe ya nyumbani haijaandikwa popote. Mapipa mawili ya mpishi mmoja yanaweza kutofautiana, na kata moja kubwa inaweza kuwa sawa na chupa mbili za bia.

Mwisho, wapo wasiokunywa kabisa, kwa imani au kwa hiari, na Umeruni wako wengi. Shughuli isiyowajali huwatenga wakwe, wachungaji na majirani. Ulezi uleule ulioota, ukipikwa uji na kutiwa kimea bila kuachwa uwe kileo, hutoa togwa. Watafiti hapa Tanzania waliwahi kuonesha kwamba togwa iliyochachuka vizuri ilipunguza vijidudu vya kuhara kwa watoto wadogo. Mpishi anayejua pombe anajua togwa. Akiiweka meza moja na mbege, mzee anayekunywa na binamu yake asiyekunywa watakaa kwenye benchi moja, na hakuna atakayeulizwa kwa nini.

Kabla ya kata kupita

Basi wewe mama, dada au mzee unayepika, kabla hujawaita majirani kuonja pipa lako la wiki hii, jiulize maswali manne. Nafaka hii ningempikia mwanangu uji? Maji haya yametoka wapi? Chombo hiki kilibeba nini kabla? Na nimetia humu kitu chochote ambacho nisingependa wageni wakijue? Ukiyajibu yote bila kusita, chota, onja mbele yao, na uwape.

Nawe mgeni, usione haya kuuliza. Wazee wetu waliweka ile desturi ya funda la kwanza kwa sababu walijua kwamba mwenye kiu ana haki ya kujua anakunywa nini. Kumuuliza mwenyeji maji yake ameyachota wapi ni kuendeleza desturi hiyohiyo, na mpishi aliyetumia maji ya mvua atafurahi kupata nafasi ya kukuonesha tanki lake.